Saa yenye sifuri nayo iandikwe

Novemba iliyopita nilikaa juu ya mawe ya Hawk Mountain, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mahali wanapohesabiwa ndege wawindaji wanaohama, tangu saa tatu asubuhi, makoti mawili mwilini, na saa nzima ya kwanza hakupita ndege hata mmoja. Mtu wa zamu alitazama saa yake, akaandika 0 daftarini, akarudisha darubini machoni. Mgeni aliyekuwa kando yangu alifunga mkoba akashuka. Mimi ile sifuri ndiyo iliyonikalisha mpaka jioni.

Kwa macho ya mtu aliyezaliwa Lushoto, mlima wenyewe ni kilima. Jabali la kaskazini wanapokaa wahesabuji halifiki mita 500. Ila mgongo wa Kittatinny, safu ndefu yenye kilima hicho, umejinyoosha kama ukuta kutoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi, na upepo wa kaskazini magharibi ukiugonga hauna pa kwenda ila juu. Tai anaulalia upepo huo, anateleza masafa marefu bila kupiga bawa. Wakati mwingine anapita chini ya pale ulipokaa, ukamwona mgongo. Nyumbani nimekua nikimwona tai tumbo tu.

Zamani watu walipanda pale na bunduki. Mwaka 1929 jimbo lilitangaza zawadi ya dola 5 kwa kila kozi aliyeuawa, na kwenye ule mgongo ikawa risasi kwa kila ndege mwenye mdomo uliopinda. Siwalaani. Bibi yangu alikuwa akitoka jikoni na mwiko mkononi, anapiga kelele "Mwewe! Mwewe!", nasi wajukuu tunarusha mawe, maana vile vifaranga ndivyo vilivyotununulia madaftari. Mwaka 1932 Richard Pough, mpenzi wa ndege, alizipiga picha maiti za ndege zilizopangwa safu chini ya miti. Miaka miwili baadaye Rosalie Edge, mtetezi wa ndege, akaukodi mlima, kama ekari 1,400, akamweka Maurice Broun na mkewe Irma kuulinda. Msimu huohuo bunduki zikanyamaza.

Broun, akiwa mlinzi, akaanza kuhesabu. Wakati huo hakuna shamba lililokuwa limenyunyiziwa DDT, sumu ya kuua wadudu. Sumu hiyo ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Yeye aliandika tu alichokiona, msimu baada ya msimu. Tai wa kule huchukua miaka minne au mitano kupata kichwa cheupe, kwa hiyo hata akiwa mbali unamjua kama ni mchanga. Kati ya mwaka 1935 na 1939, wachanga walikuwa asilimia 40 ya tai waliopita. Kati ya 1955 na 1959 walikuwa asilimia 20. Mwaka 1957 alipita mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32. Tai walikuwepo angani, lakini hawakuwa wanazaa. Mwandishi Rachel Carson alizitumia namba hizo mwaka 1962 alipoieleza dunia madhara ya sumu za mashambani, na mwaka 1972 Marekani ikaipiga DDT marufuku. Leo tai hao wamejaa tena.

Broun angengoja mpaka aone kasoro ndipo ashike kalamu, angelinganisha na nini?

Wenyeji wa mlima hupenda kusimulia tarehe 14 Septemba 1978, siku walipopita ndege 21,448, wengi wao mwewe wa mabawa mapana wanaozunguka kwa makundi ndani ya hewa ya moto kama majani ya chai kwenye kikombe kilichokorogwa. Natamani ningekuwepo. Lakini siku ile peke yake isingemwokoa tai yeyote. Kilichomwokoa ni mamia ya siku baridi ambazo mtu alikaa akaandika mmoja, wawili, hakuna.

Kwetu jambo hili tunalijua kwa uchungu. Watafiti wa Kenya walipolinganisha ndege wawindaji waliohesabiwa barabarani miaka ya 1970 na waliohesabiwa kuanzia 2003 hadi 2020, aina 19 kati ya 22 zilikuwa zimepungua. Tumelijua hilo kwa sababu kuna mtu aliyeendesha gari miaka ya 1970 na kalamu mkononi. Sisi tumezoea kuhesabu mradi unapokuja. Mradi ukiisha, daftari nalo linafungwa. Naliona hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa darubini nzuri. Vipanga wa Amur wanatoka kaskazini mwa China na Siberia, wanavuka Bahari ya Hindi, wanatufikia Novemba na Desemba pamoja na mvua, wanadaka kumbikumbi juu ya vichwa vyetu. Ni milima mingapi ya kwetu ina mtu anayekaa kila mwaka, mahali palepale, saa zilezile?

Nimemwomba mpwa wangu kule Lushoto akae saa moja kila Jumamosi juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba ya bibi, aniandikie namba kwa simu. Wiki ya kwanza alileta sifuri, akaomba radhi. Nikamwambia hiyo ni kazi kamili, nikainakili. Juzi akaandika: "Shikamoo mjomba. Wawili, juu sana, sikuwatambua." Nimemjibu aandike "hawakutambulika". Hata Hawk Mountain wanayo safu ya hao.