Watalii wa mabegi Amani na Maziwe: msituni waje, baharini wabanwe

Nilikuwa stendi ya Muheza, Tanga, nasubiri basi la kupandisha milimani Amani, pembeni yangu vijana wanne wa kizungu kila mmoja na begi limempita kichwa wanamenya machungwa, jamaa mmoja muuza vocha akaniinamia akasema kaka hawa sio watalii, hawa hawana hela, wanakula wali maharage kama sisi. Hiyo kauli sio ya stendi tu, kwenye mijadala ya utalii kila siku utasikia tutafute wageni wachache wanaolipa vizuri, hawa wa bajeti ndogo wanajaza tu nafasi. Safari yangu ilikuwa hiyohiyo yao, Amani msituni halafu kushuka Pangani kwenye matumbawe ya Maziwe, fungu la mchanga baharini, kwa hiyo hili suala nimelitazama wiki nzima nikiwa nao kwenye basi moja.

Wanaowakataa tuwasikilize kwanza maana hoja yao ina uzito. Mgeni mmoja wa hoteli kubwa analipa kwa usiku mmoja hela ambayo mwenye begi anaitumia wiki nzima, na miguu ni michache. Ukitaka mfano mzuri nenda Chumbe pale Zanzibar, miamba yake inalindwa tangu 1994, vibanda vya wageni ni saba tu, bei yake sio ya kitoto, lakini hela ya wageni ndo inalipa walinzi, ambao wengine walikuwa wavuvi hapohapo, na watoto wa shule wanapelekwa kujifunza bahari. Matumbawe ya pale yako hai. Huwezi kuniambia huo mpango umefeli.

Ila Amani sio Chumbe. Amani ni milima ya Usambara Mashariki, msitu wa mvua kabisa, asubuhi ukungu mpaka mlangoni, hondohondo anapita juu mabawa yanavuma utadhani mtu anapiga feni, ukitembea na mwongozaji anakusimamisha anakuonyesha kinyonga mdogo kama kidole ambaye peke yako ungempita mara kumi. Hifadhi ya mazingira asilia imetangazwa 1997, ila bustani ya mimea ya Wajerumani ni ya tangu 1902. Anayekuja huku ni mtafiti, mwanafunzi, mtu wa ndege, na hawa wa mabegi, basi. Yule wa hela nyingi akishamaliza Serengeti anapanda ndege kwenda Zanzibar, Muheza haijui hata kwa jina. Kwa hiyo kuuliza tuchague tajiri au mwenye begi ni swali ambalo kwa Amani halipo, chaguo ni mwenye begi au hakuna mtu.

Na hakuna mtu maana yake nini? Wanavijiji wa kule walikuwa na mradi wa kufuga vipepeo, wanawatunza mpaka wanafika hatua ya pupa, kabla hawajatoka na mabawa, wanafungwa vizuri wanasafirishwa kwenda kwenye maonyesho Ulaya na Marekani, hela inarudi kijijini, na kipepeo anataka majani ya msitu kwa hiyo mtu ana sababu ya kuulinda. Mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo wakaingia humohumo. Nia ilikuwa kuzuia utoroshaji wa wanyama wetu, hilo silipingi hata kidogo, lakini mama aliyekuwa anasomesha mtoto kwa vipepeo hakutorosha twiga. Ongeza na wale wa Derema, msitu wa hukohuko Usambara, waliofidiwa wakaacha mashamba yao ya iliki ili misitu iungane. Watu wameshaombwa wauachie msitu, wakauachia, sasa wanauliza msitu utawapa nini. Yule kijana wa kizungu analipa kiingilio, mwongozaji wa kijijini, chumba, wali maharage wa mama ntilie, bodaboda ya kumshusha akikosa basi. Ni hela ndogondogo kweli, ila inapita mikono mitano kabla ya saa sita mchana na nyingi inabaki palepale. Hapo mimi nawatetea bila aibu.

Baharini ndo nilipobadilika. Tulitoka Ushongo, kijiji cha ufukweni Pangani, asubuhi maji yanakupwa, mashua moja watu tisa, tumechanga ili iwe rahisi. Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu 1975, zamani kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa walikuwa wanataga kwa wingi, miti ikaisha, mchanga ukaliwa, leo ni fungu jeupe ambalo maji yakijaa ya bamvua linazama lote. Kasa bado wanakuja na mayai yanahamishiwa bara Ushongo ili yasizame. Sasa tulipofika nahodha akatupa nanga. Nilikuwa nimeshavaa miwani niko majini, nikaiona inashuka, ikatua kwenye tumbawe la matawi, halafu mashua ikavutwa na mkondo na nanga ikatembea, kila inapopita vipande vinalala chini vyeupe kama mifupa ya samaki. Dakika kumi baadaye mmoja wetu kachoka, kasimama juu ya tumbawe la kichwa, lile la mviringo, na mapezi yake anarekebisha miwani. Hakuna aliyemwambia kitu, na mimi nilichelewa kusema, linaniuma mpaka leo.

Tumbawe la kichwa kama lile linakua kama sentimita moja kwa mwaka. Haya ni matumbawe yaliyopauka kwa joto la bahari la 1998, yakapigwa baruti miaka na miaka kwenye ukanda huu wa Tanga, yaliyobaki ndo hayo tunayoyatupia nanga kwa sababu tumetaka mashua ya bei chee. Kuna mzee mvuvi pale Ushongo aliniambia, mwanangu sisi tumekatazwa kutupa nyavu pale, tukakubali, lakini nanga zenu zinatupwa kila siku. Sikuwa na jibu.

Msituni mguu unapita njiani na njia inabaki njia, mvua moja majani yamerudi. Matumbawe hayana hiyo huruma. Kwa hiyo kuwapima kwa hela zao tu ni kukosea, tuangalie na wanakanyaga wapi. Amani napenda waje wengi zaidi na wakae usiku mbili tatu badala ya mmoja. Maziwe nataka idadi ya watu kwa siku, boya za kufungia mashua ili nanga isiguse chini, na mtu wa kuwaelekeza wageni kabla hawajaingia majini, gharama iongezwe kwenye bei hata kama wengine watashindwa kuja. Wenye mashua watalalamika na nawaelewa, siku ya wageni tisa ni siku ya watoto kula vizuri, ndo maana boya zisitoke mfukoni mwao.

Na msitu na bahari vimeungana kuliko tunavyodhani. Mto Zigi unatoka milima hiyohiyo ya Amani, ndo unaojaza bwawa la Mabayani ambalo Tanga mjini wanakunywa, ukimaliza hapo unaingia baharini. Juu wakikata miti, mvua za masika zinashusha udongo mpaka pwani, na tumbawe likifunikwa na tope linakosa mwanga linakufa.

Ninachoogopa ni muda. Barabara ya Tanga, Pangani mpaka Bagamoyo inajengwa na daraja la mto Pangani limo humo, yaani ile ya kusubiri pantoni inaisha, mtu anatoka Dar asubuhi jioni yuko Ushongo, na sio wazungu wa mabegi tu, ni sisi wenyewe na mabasi ya wikiendi. Boya ziwekwe kabla hilo basi la kwanza halijafika.