Anayenyamaza Ndiye wa Kukimbiliwa

Mwenye jiwe la figo hajui akae vipi. Analala, anainuka, anapiga magoti, anamwita mama yake. Aliyetoboka utumbo hafanyi hivyo. Amelala kimya, magoti ameyakunja, anapumua juu juu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Hapo ndipo tunapokosea, maana tumezoea kupima ugonjwa kwa kelele.

Shemeji yangu alilia usiku mzima. Alfajiri akanyamaza, nasi tukamshukuru Mungu, tukaenda kulala. Tulipomfikisha hospitali saa nne asubuhi, magurudumu ya machela yaligonga kizingiti cha mlango, naye akakunja uso na kukamata chuma cha pembeni. Muuguzi aliliona hilo, akamwita daktari mbio. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Eksirei ya kifua, aliyopigwa akiwa ameketi, ilionyesha hewa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mahali ambapo hewa haina kazi. Kidonda kilikuwa kimetoboa mwanzo wa utumbo mdogo. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda hivyo, kwa ajili ya goti. (Kiungulia chochote siku hizi tunakiita vidonda vya tumbo, ndiyo maana neno lenyewe halitushtui tena.)

Ule utulivu wa alfajiri una sababu yake. Asidi ikimwagika huunguza utando wa ndani wa tumbo. Kisha mwili huleta maji yanayoizimua, maumivu yanapungua kwa saa chache, huku bakteria wakijipanga.

Upasuaji wenyewe si wa maajabu. Tundu mara nyingi halifiki hata sentimita moja. Daktari huliziba kwa kipande cha lile pazia la mafuta linalofunika matumbo, njia iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Cellan-Jones mwaka 1929, kisha huosha tumbo kwa lita kadhaa za maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Shida ni saa zinazopotea kabla ya kisu. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa zaidi ya 2,600 wa kidonda kilichotoboka, ulikuta kila saa ya kungoja ikipunguza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 2.4. Sisi tulikuwa tumelala kwa muda wa saa nne.

Siku hizi mtu akinyamaza ghafla baada ya kulia tumbo, namwambia akohoe. Akishika tumbo kwa mikono miwili kabla hata ya kujaribu, sisubiri kukuche.

Alipopona nilimuuliza shemeji mbona hakutwambia hali imezidi. Akasema kuongea kulikuwa kunauma.