Wiki ya Shughuli Si Wiki ya Kusubiri Likizo

Mitihani imekwisha, walimu wamezama kwenye kusahihisha, na zimebaki siku tano kabla ya shule kufungwa. Hapo ndipo wiki ya shughuli za nje ya darasa inapozukia, imepangwa harakaharaka: Jumatatu filamu, Jumanne mpira, Jumatano kila mtu na kipaji chake. Ikifika Alhamisi nusu ya wanafunzi hawaonekani, na lawama ni kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Mimi naona wameisoma ratiba na kuielewa vizuri.

Kinachoua wiki hii ni vipindi vya dakika 40. Kazi ya mikono haienei humo. Toa dakika 10 za kugawa vifaa na 10 za kuvikusanya, uone kilichobaki. Igawe siku mara mbili tu, kipindi cha saa mbili na nusu kabla ya chakula cha mchana na cha saa moja na nusu baada yake, kisha mwanafunzi abaki na shughuli moja kwa siku nne mfululizo. Anayebadilisha shughuli kila siku hapati nafasi ya kurekebisha alichokiharibu jana, na kwenye kurekebisha ndiko anakojifunza.

Kugawa watu nako kuna hesabu yake. Kwa wanafunzi 180, andaa shughuli 10 zenye nafasi 20 kila moja, mwanzoni usijaze zaidi ya 18. Zile mbili ni za waliosahau kurudisha fomu ya kuchagua shughuli, maana hao hawakosekani. Fomu iombe machaguo matatu kwa mpangilio. Shughuli ikizidiwa na waombaji, ipigiwe kura ya bahati. Utaratibu wa aliyewahi ndiye apataye unamwadhibu aliyekuwa mgonjwa siku fomu zilipotoka. Kila kundi lenye kisu, moto au maji liwe na watu wazima wawili: mtoto akikatwa, mmoja anampeleka kutibiwa na mwingine anabaki na kundi.

Chukua roketi ya maji, yaani chupa inayorushwa juu na maji yanayosukumwa nje na hewa iliyobanwa, ambayo walimu wengi huiona rahisi. Inahitaji chupa ya soda ya lita 2, kizibo chenye valvu ya kuingizia hewa, na pampu ya baiskeli yenye geji, yaani kipimo cha mgandamizo. Iwe chupa ya soda kweli, kwa sababu imetengenezwa kustahimili mgandamizo wa gesi. Ya maji ya kunywa ni nyepesi mno. Yenye mkunjo au mkwaruzo itupwe. Maji yajae theluthi moja. Yakizidi, hewa inakosa nafasi ya kubanwa. Yakipungua, yanatoka mara moja na roketi inaanguka karibu na miguu yenu. Geji isipite pauni 60 kwa inchi ya mraba, watazamaji wakae mita 10 nyuma, na anayepampu avae miwani ya kujikinga. Roketi ikigoma kuruka, hakuna kuiinamia: hewa ifunguliwe kwanza kutoka mbali.

Jaribio la kwanza karibu kila mara hufeli kwa sababu mbili. Mapezi ya kadibodi, yale mabawa madogo ya mkiani, hulowa yakalegea, kwa hiyo yakatwe kwenye plastiki ngumu na yabandikwe kwa utepe wa gundi, wala si gundi ya moto, ambayo huikunja chupa na kuidhoofisha. Ya pili ni kupinduka angani. Ifunge roketi tupu kwa uzi pale inapolala sawasawa bila kuinama upande wowote, kisha izungushe hewani. Pua ikitangulia, iko tayari. Ikirudi kinyumenyume au ikiyumba, ongeza udongo wa kufinyanga puani au panua mapezi. Jaribio hilo la uzi huchukua dakika 2, na linafundisha kuhusu uzito na uthabiti kuliko mchoro wowote ubaoni.

Kwa shughuli yoyote ile, mwalimu atengeneze kitu kimoja mwenyewe wiki mbili kabla, akitumia vifaa vilevile watakavyopewa wanafunzi, saa ikiwa mbele yake. Akimaliza kwa nusu saa, wao wapewe saa nzima na zaidi. Hapo pia ndipo anapogundua kwamba mikasi 3 haitoshi watu 18.

Kwenye safari, iteni majina. Kuhesabu vichwa hakutoshi, kwa sababu mabasi mawili yakibadilishana mtoto mmoja mmoja, hesabu inatimia kote kumbe orodha zote mbili hazisemi kweli. Majina yaitwe kabla ya kuondoka, mkifika, na kabla ya gari kuwashwa kurudi. Mvua nayo ipangiwe chumba mapema, kwa jina, kwa kila kundi la nje.

Ijumaa iwe ya maonyesho, na roketi zilizoanguka ziwekwe mezani pamoja na zilizoruka, kila moja na karatasi ya mistari miwili: kilichoharibika, na kilichobadilishwa. Saa ya mwisho ni ya ufagio, na kila kundi liondoke na mfuko wake wa taka.