Baada ya joho: jumuiya ya mtaani au kundi la wahitimu?

Mwanafunzi Mkristo anayeingia chuo kikuu hapa Tanzania hahangaiki kutafuta kanisa, maana kanisa humfuata bwenini. Mkatoliki hupokewa na chama cha wanafunzi Wakatoliki, TMCS. Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani wana USCF, Wapentekoste wengi huingia CASFETA, na TAFES huwakusanya wa madhehebu mbalimbali. Mkesha upo, kwaya ipo, na asipoonekana wiki mbili kuna mtu atakayegonga mlango. Akishahitimu, hagongewi tena. Aelekee wapi: jumuiya ya mtaa aliopanga, au abaki na wenzake wa chuo katika kundi la wahitimu?

Wanaotetea jumuiya wana hoja nzito. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo si mtindo wa juzi; maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji miaka ya 1970. Kaya chache za jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili ya Dominika, huulizana nani anaumwa. Kijana aliyepanga chumba kimoja Mbagala anaweza kulazwa na homa siku tatu bila mwenye nyumba kujua, lakini mama wa jumuiya atajua. Tena pale hakutani na rika lake tu: yupo mjane, yupo fundi seremala, yupo mzee mwenye kesi ya kiwanja. Imani iliyolelewa kati ya vijana wenye bumu (posho ya mkopo) mfukoni na muda wa kukesha haijapimwa bado.

Hata hivyo, jumuiya nyingi hazijui zimfanyie nini mhitimu. Akitaja digrii tu, anapewa ukatibu. Kisha michango: ujenzi, mavuno, misiba, ziara ya askofu. Asiye na ajira huona aibu, akaacha kuja. Aliyeajiriwa, kama alisoma kwa mkopo, ameshakatwa asilimia 15 ya mshahara na Bodi ya Mikopo kabla hajafikiria zaka. (Na swali la "utaoa lini" halikosi msemaji.) Linalonikera zaidi ni barua ya uthibitisho ya mwenyekiti wa jumuiya, inayodaiwa mtu anapotaka ndoa au ubatizo wa mtoto. Inaleta nidhamu, sikatai, ila pia inazalisha watu wanaohudhuria miezi michache, wanapata barua, wanapotea.

Kundi la wahitimu halina usumbufu huo. Wanajuana, wanaombeana kwenye WhatsApp, wanapeana taarifa za usaili. Tatizo ni kwamba baada ya muda kundi la sala hugeuka kamati ya harusi, na ambaye hana cha kuchangia hujitoa kimyakimya, kama kule kwenye jumuiya. Tofauti ni kwamba huku hakuna jirani wa kumfuata nyumbani.

Wanaosema kila mhitimu ajiunge tu na kanisa la karibu wanasahau jinsi wamisionari walivyogawana maeneo. Mwalimu Mlutheri kutoka Kilimanjaro akipangiwa kijiji cha Ruvuma, ambako Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wapo tangu misheni ya Peramiho ilipoanzishwa mwaka 1898, anaweza kukuta kigango cha Kikatoliki peke yake. Mpentekoste akipelekwa Dodoma vijijini, huenda kanisa la jirani likawa la Anglikana. Kwa watu hawa kundi la simuni si anasa. Ndilo pekee linaloongea lugha ya imani yao. Ingawa nao, wakikubali kukaa benchi la nyuma la kanisa lisilo lao, wana ibada ya kuhudhuria na watu wa kuzikana nao.

Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua jumuiya, kwa sababu ya homa ile ya Mbagala. Lakini lawama ya vijana kupotea siibebeshi jumuiya peke yake. Vikundi vya vyuoni huandaa mahafali yenye keki na picha, halafu mwanachama anaondoka bila barua ya utambulisho na bila kuulizwa anakwenda kuishi wapi. Mlezi wa chuo angeweza kumpigia simu paroko au mchungaji wa huko anakokwenda. Nazo jumuiya zinazosali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi zijue kwamba saa hiyo muuguzi wa zamu ya usiku bado yuko wodini. Wakiongeza jioni moja kwa wiki, hata kwa watu watano, atapata pa kuketi.