Solo ya mweka hazina

Hii ilikuwa enzi za kanda. Kwaya yetu pale Dodoma tukachangishana, tukaenda studio kurekodi albamu ya kwanza. Studio yenyewe chumba kimoja kimebandikwa trei za mayai ukutani, ndani kuna mikisa kuukuu ya kuchanganyia sauti na mashine ya kanda ya treki 4, yaani njia nne za kurekodi sauti kila moja peke yake, zile ambazo Tascam walianza kuzitoa mwaka 1979. Inakimbiza kanda kwa kasi mara mbili ya kawaida na inatumia pande zote kwa mpigo, kanda ya dakika 60 inakupa kama dakika 15 tu, kwa hiyo fundi alikuwa mchoyo wa kanda hatari.

Sasa treki 4 kwa kwaya nzima na bendi juu, utagawaje? Fundi akapanga hivi: wanawake treki ya 1, wanaume ya 2, kinanda ya 3, halafu zote hizo anazichanganya anazihamishia kwenye ya 4, akimaliza anarekodi gitaa, besi na drums juu ya zile za mwanzo. Yaani sauti zenu za awali zinafutika mazima, mkishaunganishwa mmeunganishwa kama ndoa ya kanisani.

Wanaume tulipewa maiki moja. Mweka hazina wetu, mzee mmoja, ana kasauti kembamba, fundi akamsogeza mpaka mdomo karibu uguse chuma, mimi nikawa ubavuni kwake. Wimbo unahusu uaminifu, naomba mlikumbuke hilo. Katikati kuna kipande waimbaji wote tunanyamaza, kinanda kinapiga taratibu peke yake kusubiri gitaa litakaloingizwa baadaye. Hapo hapo mzee akaniinamia akaninong'oneza neno, nikacheka kwa pua, fundi huko kwake yuko bize anabishana na mwenyekiti kuhusu hela iliyobaki.

Jioni kila kitu kimeshaingia, tumejazana chumba cha fundi tunasikiliza, akina mama wanafuta machozi. Kufika kwenye gitaa fundi akakunja uso. "Kuna mtu anapumua humu, ngoja niisolo hii ya nne." Kwa wasiojua, ukibonyeza solo chaneli nyingine zote zinanyamaza, unabaki na hiyo moja. Gitaa kimya, besi kimya, drums kimya. Kinanda kwa mbali, halafu sauti nyembamba, safi kabisa, inatoka kwenye spika mbili:

"Hela ya sare imebaki elfu arobaini, mwenyekiti hajui. Tukitoka hapa kuku choma."

Kikafuata kicheko cha pua.

Mwenyekiti akasema, "Hebu rudisha." Fundi naye anawaza ubora wa sauti tu, akarudisha, akaongeza treble. "Eeh, sasa si mnasikia vizuri?" Mweka hazina akasema mitambo ya siku hizi ina mambo. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukagua trei za mayai.

Elfu arobaini ikatolewa pale pale, noti zimekunjwa zimelowa jasho, lakini kwenye kanda maneno yamebaki. Kuyafuta haiwezekani, treki ya 2 sasa hivi ni besi. Ukishusha ya 4 pale katikati, kinanda nacho kinapotea, na mpiga kinanda akasema kikipotea yeye anahama dhehebu. Kurudia kwaya nzima, fundi anataka hela nyingine. Basi gitaa likapandishwa likafunika kila kitu, na fundi akalisukuma spika ya kushoto eti muziki upanuke, kwaya ikabaki katikati. Tukasikiliza, hakisikiki kitu. Tukauza kanda.

Baadaye kidogo niko kwenye hiace stendi ya Jamatini, mweka hazina kakaa siti ya mbele, konda akaweka kanda yetu. Tukavimba vichwa. Kumbe spika ya kushoto ya ile gari ilishakufa siku nyingi. Ikafika pale katikati, gitaa halipo, gari zima likaambiwa habari za kuku choma.

Abiria wakaangua kicheko. Mzee akagonga bati haraka haraka, "Shusha hapo, kijana, shusha!"

Konda akamgeukia taratibu. "We mzee, hebu sema tena."