Herufi L kwenye karatasi ya binamu

Juzi pale Kibirizi, Kigoma, binamu yangu alinitolea karatasi ya FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, imekunjwa mara nne, inanuka dagaa. Mbele ya neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, pameandikwa L, yaani ziko chini ya kiwango. Amesoma kwenye simu kwamba chembe nyeupe za damu zinaweza kuashiria saratani ya kongosho, na tangu hapo usingizi hana. Namwelewa. Mama yake, shangazi yangu, aliondoka na ugonjwa huo.

Kinachowashtua watafiti ni neutrofili kuwa nyingi mno kuliko limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe. Za kwake ni chache. Tena Waafrika wengi tumerithi chembe nyekundu zisizo na alama ya Duffy, protini inayokaa juu ya chembe. Urithi huo hutukinga kwa kiasi kikubwa na malaria aina ya vivax, na ndio unaofanya neutrofili zetu zionekane chache bila ugonjwa wowote. L ile huenda imetokana na viwango vya watu wengine.

Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu sayansi yenyewe ni ya kweli. Miongoni mwa limfosaiti zipo chembe za T zinazoizuia kinga isiushambulie mwili. Mwaka 2025 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Nobel kwa kazi iliyozifichua. Saratani ya kongosho hujificha nyuma ya chembe hizohizo. Kuzihesabu kwenye damu ili saratani igundulike mapema ni wazo zuri sana. Lakini hapa Kigoma malaria peke yake hushusha limfosaiti; vipimo vilivyopangwa kwa damu ya Ulaya vinaweza kuwatisha wasio na saratani na kuwapita walio nayo. Damu zetu ziwemo kwenye utafiti tangu mwanzo.

Shangazi alitibiwa vidonda vya tumbo miezi saba. Maumivu yalianzia juu ya kitovu yakapenya hadi mgongoni. Sukari ikampanda ghafla, akiwa na miaka 61, hajawahi kuwa nayo. Kitenge alichokuwa akikizungusha mara moja kikawa kinamzunguka mara mbili. Kila dalili ilipewa dawa yake, hakuna aliyeziunganisha. Macho yalipogeuka manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi, ndipo akafanyiwa ultrasaundi.

Binamu anavuta pakiti nzima kwa siku. Kufiwa na mzazi kwa saratani hii tayari kunampandishia hatari, na sigara huiongeza takribani maradufu. Nimemwambia hayo ndiyo ya kuogopa, si ile L. Aliizima sigara iliyokuwa mkononi, akabaki ameishika karatasi.