Agizo la Lazima Lisiishie kwenye Aina Moja ya Ndege

Watu wakisikia mamlaka ya usafiri wa anga imeamuru ndege za aina fulani zifanyiwe matengenezo ya mfumo wa haidroliki, yaani mabomba ya mafuta ya presha yanayosukuma usukani na breki, swali la kwanza huwa: kwa hiyo tusizipande? Langu huwa jingine. Hizi zilizotajwa angalau zinakwenda gereji. Je, zile za aina nyingine, ambazo bomba lake limepitishwa mahali palepale, nani amezichungulia?

Agizo lenyewe ukilisoma linachosha. Linataja aina ya ndege na namba za zile zinazohusika, linaeleza kasoro, kisha linatoa muda. Muda huo unaweza kuhesabiwa kwa saa za kuruka, kwa idadi ya safari au kwa miezi. Yale ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, huwa na makadirio ya gharama pia, na kwa miaka mingi saa moja ya fundi imekuwa ikipigiwa hesabu ya dola 85. Mtu asiyezoea anaweza kushangaa kuona maisha ya abiria na bili ya fundi kwenye karatasi moja. Mimi hilo halinisumbui, maana hesabu iliyoandikwa wazi inaweza kubishiwa.

Nguvu ya karatasi hiyo iko kwenye neno lazima. Kampuni iliyounda ndege hutoa waraka wake wenyewe: badilisheni vali hii, kagueni bomba lile. Waraka huo, hata uwe na maneno makali namna gani, kwa kawaida ni ushauri. Mamlaka ikiutolea agizo, ndege iliyopitisha muda bila kutengenezwa hairuhusiwi kuruka. Na wapo wanaosema ushauri unatosha kwa sababu hakuna shirika linalotaka ndege yake ianguke. Hao wakumbuke ndege ya abiria ya DC-10. Juni 1972 mlango wa mizigo wa DC-10 ya American Airlines ulifyatuka angani karibu na Windsor, Kanada, sakafu ya nyuma ikadidimia na baadhi ya nyaya za kuongozea ndege, zinazopita chini ya sakafu hiyo, zikaharibika. Ndege ilitua, watu wakapona. Badala ya agizo, wakuu wa FAA na wa kampuni iliyoiunda, McDonnell Douglas, walielewana kwa simu kwamba waraka wa kampuni utatosha. Machi 1974, DC-10 nyingine, ya Turkish Airlines, ilipoteza mlango uleule ikitoka Paris, nyaya zikakatika, na watu 346 wakafa. Kumbukumbu za kiwandani zilionyesha kwamba mlango wa ndege hiyo ulikuwa umerekebishwa. Haukuwa umerekebishwa wote.

Kwa hiyo sina ugomvi na lazima. Ugomvi wangu ni mahali lazima hiyo inapokomea.

Turudi kwenye haidroliki. Kwenye ndege nyingi kubwa za abiria mafuta ya haidroliki husukumwa kwa presha ya pauni 3,000 kwa inchi moja ya mraba. Boeing 787, Airbus A350 na A380 wamepanda hadi 5,000. Tairi la gari dogo lina kama 30 na kidogo. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hapapasi bomba kwa mkono akitafuta panapovuja. Anapitisha kipande cha kadibodi, kwa sababu tundu dogo lisiloonekana linaweza kuyapiga mafuta hayo hadi ndani ya nyama ya kidole, na jeraha la namna hiyo, ambalo kwa nje linaonekana kama kadoa tu, humpeleka mtu kwenye upasuaji. Mafuta yenyewe kwa kawaida ni ya zambarau, hayashiki moto kirahisi, lakini yakiingia machoni utayajua, na rangi ya ndege huibabua.

Kwa presha hiyo ndege husukuma usukani wa mkiani, vibao vya mabawa, magurudumu na breki. Kwa kuwa kazi ni kubwa hivyo, haiachiwi mfumo mmoja. Airbus A320 ina mitatu, iliyopewa majina ya rangi: kijani, njano na bluu. Boeing 747 ina minne. Wazo ni kwamba mmoja ukifa, iliyobaki inatosha, na ni wazo zuri. Lakini lina sharti moja, kwamba mifumo hiyo isikutane mahali ambapo pigo moja linaweza kuimaliza yote. Mkiani inakutana. Haina budi, kwa sababu usukani uko huko na kila mfumo unatakiwa uufikie.

Tarehe 12 Agosti 1985 Boeing 747 ya Japan Airlines iliondoka Tokyo kwenda Osaka ikiwa na watu 524. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ulipasuka, hewa ikavamia mkia na kulipeperusha sehemu kubwa ya bawa la wima. Mabomba ya mifumo yote minne yalikatika, mafuta yakamwagika, na marubani wakabaki na injini tu. Walihangaika angani kwa karibu nusu saa kabla ya kugonga mlima. Walionusurika ni wanne.

Baada ya hapo FAA iliagiza 747 zirekebishwe mkiani. Miongoni mwa mambo yaliyotakiwa ni vali ya kuyazuia mafuta yasiishe yote pale bomba linapokatika nyuma. Agizo zuri kabisa. Lilihusu 747.

Tarehe 19 Julai 1989, DC-10 ya United Airlines ikiwa na watu 296 ilikuwa ikielekea Chicago. Injini yake ya mkiani ilipasuka, vipande vya diski ya feni vikatawanyika na kuyatoboa mabomba. DC-10 ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki, yote mitatu ikakauka. Kitabu cha marubani hakikuwa na ukurasa wa tatizo hilo, kwa kuwa waliobuni ndege waliona haliwezi kutokea. Kapteni Al Haynes na wenzake, pamoja na Dennis Fitch, mkufunzi wa DC-10 aliyekuwa kwenye viti vya abiria, waliiongoza ndege hadi Sioux City kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Watu 184 waliishi. Kwa ndege isiyo na usukani, idadi hiyo bado inanishangaza.

Baada ya Sioux City, DC-10 nazo ziliagizwa kufungiwa vali ya kuyazuia mafuta kwenye mfumo namba 3, ili mkia ukitobolewa rubani abakiwe na kitu mkononi. Miaka minne baada ya Japani.

Najua jibu la mainjinia, na si jibu la kipuuzi. Watasema chanzo cha Japani kilikuwa ukuta wa hewa uliorekebishwa vibaya, cha Sioux City kilikuwa ufa kwenye diski ya titani ambao wakaguzi hawakuuona, na mambo hayo mawili hayahusiani. Kweli hayahusiani. Lakini vali haiulizi nani amekata bomba, inajua tu kwamba mafuta yanakimbia. Swali lililotakiwa kuulizwa mwaka 1985 halikuwa nini kimeubomoa mkia wa 747. Lilikuwa: ni ndege zipi ambazo mkia wake ukibomolewa, kwa sababu yoyote ile, zinabaki bila tone la mafuta? DC-10 ingekuwa juu kabisa ya orodha, tena yenyewe imebeba injini huko huko mkiani.

Swali hilo halikuzaa agizo kwa sababu mfumo haulazimishi mtu kuliuliza. Sheria ya Marekani inasema agizo linatolewa pale kasoro inapoonekana kwenye ndege, na inapoelekea kuwapo au kujitokeza kwenye nyingine za muundo uleule. Muundo uleule. Nchi nyingine zinafuata nyayo, kwa sababu chini ya Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, nchi iliyobuni ndege hutoa taarifa za lazima, na nchi zilizoisajili huzipokea na kuchukua hatua. Kwa kasoro ya kiwanda utaratibu huu hauna mpinzani. Bomba likisuguana na waya kwenye chumba cha magurudumu cha aina moja, unazitengeneza za aina hiyo na mchezo umekwisha. Kwa kasoro ya wazo la ubunifu, utaratibu huohuo unawaacha watu wengine nje ya mlango.

Muda nao una maneno yake, ingawa hapo nina huruma kidogo. Boeing 737 ya United ilianguka Colorado Springs Machi 1991, watu 25 wakafa. Septemba 1994 ikaanguka ya USAir karibu na Pittsburgh, watu 132. Mwaka 1996 ya tatu, ya Eastwind, ilivutwa upande mmoja kwa nguvu lakini ikatua. Wachunguzi waliishia kwenye vali moja ya haidroliki ya usukani wa mkiani, yenye kitelezi ndani ya kitelezi. Waliipoza hadi ikawa baridi kama ya angani, kisha wakaiingizia mafuta ya moto. Ikakwama. Na ikikwama kwa namna fulani, rubani anakanyaga kulia, usukani unakwenda kushoto. Yalitoka maagizo ya muda, vali zikabadilishwa, na mwaka 2002 FAA ikaagiza mfumo mzima wa udhibiti wa usukani huo ubuniwe upya, mwisho Novemba 2008. Kutoka Colorado Springs hadi hapo ni miaka 17.

Ni mingi. Ila wanaotaka kila agizo litekelezwe kwa wiki mbili hawajawaza gereji itafanyaje ikiharakishwa. Ule ukuta wa 747 ya Japani ulipasuka kwa sababu ya matengenezo ya mwaka 1978: bamba la kuunganishia lilikatwa vipande viwili, mzigo uliotakiwa kubebwa na safu mbili za ribiti ukabebwa na moja, na hakuna aliyegundua kwa miaka saba. Na mwaka 1979 kuna DC-10 ya American Airlines iliyodondosha injini ya kushoto ikiruka Chicago. Mafundi walikuwa wametekeleza waraka wa kubadilisha beringi za muhimili unaoshikilia injini, kazi ya usalama kabisa. Mtengenezaji alielekeza injini ishushwe kwanza, ndipo muhimili ufuate. Wao walivishusha vyote kwa pamoja kwa foklifti, wakaokoa takriban saa 200 za kazi kwa kila ndege, na muhimili ukapata ufa. Injini ilipong'oka ilikata mabomba ya haidroliki mbele ya bawa, vibao vya upande huo vikarudi ndani, bawa likaishiwa nguvu. Wote 271 waliokuwamo walikufa, na wawili ardhini. Ndege nyingine kadhaa zilipokaguliwa zikakutwa na ufa wa namna hiyo.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya kufupisha muda na kuongeza jicho la pili, nachukua jicho la pili. Kwenye kazi nyeti sheria tayari hutaka mkaguzi ambaye si yule aliyeshika spana. Kila kazi ya agizo inayogusa mabomba ya usukani ingewekwa kwenye kundi hilo, hata kama ndege italala gereji usiku mmoja zaidi.

Maagizo ninayoyapenda ni yale yanayotoka kabla ya kaburi. Mwaka 2017 EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, ilitoa agizo la dharura kwa A350. Ilionekana kwamba pampu ya haidroliki ikiharibika, mafuta yanaweza kupata joto haraka mno, na kama mfumo wa kupunguza oksijeni kwenye matangi ya mafuta ya injini haufanyi kazi wakati huo, kuna hatari ya mvuke wa mafuta hayo ya injini kuwaka. Hatua ya kwanza ilikuwa kuzuia ndege isiondoke ikiwa na hitilafu kwenye mfumo huo wa matangi. Kulitengeneza tatizo lenyewe kukafuata baadaye. Hakuna aliyekufa, na nje ya gereji ni wachache waliosikia habari hiyo.

Ninachotaka kiongezwe si kikubwa. Kila agizo linalohusu kupotea kwa mifumo zaidi ya mmoja kwa pigo moja liwe na aya inayotaja aina nyingine zilizochunguzwa kwa kasoro ya namna hiyo, za kampuni yoyote ile, na matokeo yake. Kama hazikuchunguzwa, iandikwe hivyo. Watengenezaji watalalamika kwamba hiyo ni kuwaanika kwa kosa la mshindani, na kwamba michoro ya mabomba yao ni siri ya biashara. Lakini michoro hiyo mamlaka inayo tayari, kwa sababu bila kuipeleka ndege isingepata cheti.